Maji Kwenye Dashibodi

Kila asubuhi, kabla hajawasha gari, shangazi yangu hujaza glasi maji, akabakiza nafasi ya upana wa kidole tu, kisha huiweka juu ya kitambaa kikavu kwenye dashibodi. Huondoka nayo hivyo hivyo kutoka nyumbani hadi gereji, kupitia barabara ya mashimo, mataa ya sokoni na ule mzunguko unaowatia madereva wote wazimu. Akifika hukipapasa kitambaa. Kikiwa bado kikavu, huyanywa yale maji akiwa amekaa kwenye usukani, hufuta mdomo kwa kiganja, ndipo hushuka kufungua gereji. Kikiwa kimelowa, hakuna anayemsemesha mpaka saa ya chai.

Mafundi wa mtaa ule humwita Mama Klachi. Anatengeneza kitu kimoja tu: giaboksi za otomatiki zenye klachi mbili. Nilipokuwa bado shule alinieleza kwamba klachi moja hushika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, na mwenzake hushika ya pili, ya nne, ya sita na ya kurudi nyuma. Moja ikiwa kazini, nyingine imeshajiweka tayari kupokea.

“Ni kama wapishi wawili kwenye jiko moja,” alisema. “Wakipatana, hutajua nani alikoroga. Wakigombana, utakula majivu.”

Hakuanza kama fundi. Alianza nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, akiandika risiti. Watu walikuwa wakija kununua giaboksi nzima ya mtumba, wanafungiwa, na ile mbovu inatupwa uani. Siku moja alimwomba tajiri wa duka ruhusa ya kuifungua mojawapo, amalize udadisi wake. Akafungua nyingine, na nyingine. Alichokikuta kilimuudhi: nyingi hazikuwa zimekufa. Moja ilikuwa imetiliwa mafuta yasiyo yake. Nyingine waya umeoza kwenye plagi. “Watu wanazika wagonjwa wa mafua,” alimwambia tajiri wake. Muda si mrefu kaunta ikapata mtu mwingine.

Mpaka leo hupenda zaidi kazi ambayo haihitaji spana. Nakumbuka bwana mmoja aliyeletwa na gari la kuvuta, taa ya giaboksi inawaka, gari linakataa kuingia gia yoyote. Tayari alikuwa ameambiwa ashushe giaboksi. Shangazi alifungua boneti, akapima betri, akasafisha vichwa vyake vilivyoota ukungu wa kijani, akavikaza. Gari likaingia gia.

“Ndiyo hivyo tu?” bwana yule aliuliza, kama mtu aliyedhulumiwa.

“Halikuwa gonjwa, lilikuwa na njaa,” Shangazi alimjibu. “Hizi giaboksi hufikiri kwa umeme. Ukizinyima umeme, zinachanganyikiwa.”

Baba ni mdogo wake wa kumfuata. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha malori ya mizigo kwenye barabara za milimani, na jina alilolipata huko hajalisahau wala haturuhusu sisi tulisahau: Nanga. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na uwezo wa kulisimamisha lori lililojaa katikati ya mwinuko bila kugusa breki, kwa klachi na mafuta tu, likaning'inia pale kama limetiwa nanga. Alipoacha malori alinunua gari dogo na kuanza kuwapeleka wagonjwa hospitali. Abiria wake mkuu alikuwa mzee jirani yetu, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na damu yake ilipaswa kusafishwa kwa mashine kila baada ya siku chache. Akitoka kwenye mashine ile huwa kama nguo iliyokamuliwa. Kichwa kinazunguka, na mtikisiko mdogo tu unamtapisha.

Na gari la Baba lilianza kutikisika. Lilikuwa likiondoka kwa kurukaruka, hasa kwenye foleni na mwinuko. Mzee alivumilia kwa utani. “Leo cherehani yako inaruka nyuzi,” alikuwa akimwambia Baba. Halafu utani ukaisha. Jioni moja alishushwa garini akiwa amejitapikia, akakaa kibarazani kwake, akamwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba hatakwenda tena.

“Bora nifie kwenye godoro langu kuliko kwenye kiti chako, Nanga. Usinielewe vibaya.”

Bila mashine ile hakuwa na siku nyingi, na sote tulilijua hilo. Baba hakula usiku ule. Fundi wa kwanza aliyempelekea gari alisema ubongo wa giaboksi umekufa, yaani kile kisanduku chenye vali na waya kinachoziamuru klachi, na dawa yake ni kuweka kingine. Ndipo Baba akameza kiburi chake akaenda kwa dada yake, jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa sababu alijua atataniwa.

“Karibu, mzee wa malori,” Shangazi alisema. “Umepotea njia?”

“Dada, nina shida. Nicheke baadaye.”

Hakumcheka. Aliuliza mgonjwa hukaa wapi, akaingia nyuma, akakaa mahali pa mzee. Mimi nilikuwa pembeni yake na kitabu changu. Aliomba bakuli la maji, akalipakata.

“Twende hospitali,” alisema.

“Sasa si ufungue boneti kwanza?”

“Mgonjwa hapandi kwenye boneti. Endesha.”

Baba aliondoka, gari likaruka, maji yakammwagikia Shangazi kwenye ovaroli. Mbele kidogo akamwomba arudi nyuma taratibu. Maji yakatulia kama yako kisimani. Akamwomba aende mbele tena. Yakaruka.

“Ubongo ungekuwa umekufa, ungesumbua kote kote,” alininong'oneza. “Kurudi nyuma ni klachi ya pili, na hiyo ni nzima. Mgomvi ni yule anayeshika gia ya kwanza.”

Lango la hospitali liko juu ya mwinuko mkali, na walinzi hukagua gari moja moja, kwa hiyo foleni haikosekani. Tulisimama katikati ya mwinuko. Kutoka pale nilipokaa niliuona mguu wa Baba. Haukuwa kwenye breki. Ulikuwa kwenye pedali ya mafuta, ukikanyaga kidogo, ukiachia kidogo, na gari lilisimama pale pale likitetemeka.

“Unaona, dada?” alisema akimtazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulikunjuka. “Halijarudi nyuma hata unywele. Haka kagari si kitu. Nimewahi kushika hivi tani ishirini.”

Harufu ya kitu kama karatasi iliyoungua ikaingia garini. Shangazi aliutazama mguu ule, kisha kisogo cha Baba, kwa muda mrefu. Mimi nilishusha macho kwenye kitabu, ingawa sikuwa nikisoma. Nilijua amejua. Klachi za gari lile ni kavu, hazikai ndani ya mafuta ya kuzipoza, kwa hiyo joto likishazaliwa humo halina pa kwenda. Lori lilikuwa na sahani nene za klachi, na dereva aliiongoza klachi kwa mguu wake mwenyewe. Hapa Baba alikuwa akikanyaga mafuta tu, na sahani nyembamba ndizo zilizokuwa zikisuguana kumshikia sifa yake.

Giaboksi iliposhushwa, mzee wa cherehani aliomba aletwe aone kwa macho yake. Alikaa kwenye kigoda akiwa amevaa koti, ingawa kulikuwa na joto.

“Fundi,” alimsalimu Shangazi.

“Fundi mwenzangu,” Shangazi alijibu, akamwonyesha zile sahani. Moja ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Nyingine ilikuwa imegeuka buluu kama sindano iliyochomwa motoni, na vumbi jeusi limeganda pembeni.

“Imeungua,” mzee alisema. Aligeuza kichwa taratibu kumtazama Baba. “Imeunguzwa na nini?”

Baba naye alikuwa akisubiri jibu, akilamba midomo.

“Na kile kilima cha hospitali,” Shangazi alisema. “Foleni yake ni ndefu, na klachi hizi hazipendi kungoja mwinukoni.”

Alifunga klachi mpya, akapima nafasi zake kwa vipande vya chuma vyembamba kama kucha, akaunganisha kompyuta ili giaboksi ijue upya mahali klachi zinapoumana. Alipomaliza alimkabidhi Baba ufunguo pamoja na glasi ya maji.

“Kompyuta imeifundisha mwanzo tu. Kumalizia ni kazi yako,” alimwambia. “Kilimani, mguu wote kwenye breki. Usijongee kidogo kidogo, ngoja mbele pafunguke, ndipo uondoke mara moja. Maji yasimwagike.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka uisahau hiyo glasi.”

Baba aliipokea kwa mikono miwili. “Kwa hiyo mimi ndiye mwalimu wake.”

“Nani mwingine anajua vilima kama wewe, Nanga?”

Mzee alikubali kupanda mara moja, ajaribu. Nilikuwa nyuma pamoja naye siku ile. Kwenda alishikilia kishikio cha mlango. Kurudi, baada ya mashine, alikuwa amepauka na macho amefumba, nami nilishika mfuko wa plastiki tayari mkononi. Ua wa hospitali umeshuka nyuma ya lango, kwa hiyo kutoka nako ni kupanda, na foleni ilisimama katikati ya mwinuko. Mguu wa Baba ulikuwa juu ya breki, umetulia. Mbele pakafunguka, akaondoka, na maji kwenye dashibodi yakacheza kidogo ukingoni yakarudi. Nilipomgeukia mzee, alikuwa amelala, mdomo wazi kama mtoto. Baba alimwona kwenye kioo, akapunguza mwendo hadi nyumbani.

“Leo mshono umenyooka,” mzee alisema alipoamshwa. “Njoo keshokutwa.”

Glasi ile bado iko kwenye gari la Baba, na huwaambia abiria wake kwamba analifundisha gari. Kesho yake baada ya safari ile nilikwenda gereji kumpelekea Shangazi shukrani za nyumbani. Nilimkuta ndiyo kwanza amefika, anakunywa maji yake kwenye usukani. Si kawaida yangu kuuliza watu maswali, lakini hili lilikuwa limeninyima usingizi.

“Shangazi, mbona hukumwambia Baba kwamba ni mguu wake?”

Alimalizia maji, akafuta mdomo kwa kiganja.

“Kwa sababu ndiye anayeendesha,” alisema, akashuka kufungua gereji.