Nani Achinje Kwenye Matanga ya Mama

Katika vijiji vyetu vya milimani, ukipanda kutoka Somanga, Mkristo akiwa na shughuli humwita jirani Mwislamu aje kuchinja. Hakuna aliyeiweka kuwa sheria. Tunaoana na kuzikana, na nyama iliyochinjwa na Mwislamu huliwa na kila aliyekuja, ilhali akichinja Mkristo nusu ya watu watakaa na sahani ya wali mkavu wakitazama mkeka. Wazee waliona afadhali wote washibe.

Nyumbani kwetu mchinjaji alikuwa mjomba, kaka yake mama. Mama aliingia Ukristo alipoolewa na baba. Mjomba alibaki katika dini ya wazee wao. Alichinja siku niliyobatizwa, akachinja siku ya ndoa yangu, na kila mtoto wangu alipopata kipaimara. Akishamaliza, ini alimpelekea dada yake kwa mkono wake.

"Haya, bibi wa kanisani, kula halali hiyo."

"Weka hapo, shehe usiyeonekana msikitini," mama humjibu, na wote wawili hucheka kwa namna moja, mdomo umefumbwa.

Mama alifariki masika yalipoanza. Kabla hatujaanua matanga, katekista alisoma tangazo baada ya ibada ya Jumapili. Parokia imeagiza kwamba katika shughuli yoyote inayohudumiwa na kanisa, mnyama achinjwe na Mkristo. Asiyetii, padri hatafika kwake. Alisoma mara moja, akakunja karatasi, na watu wakageuka kunitazama, kwa kuwa shughuli iliyokuwa karibu ni yangu.

Mama alikuwa ameniomba jambo moja tu akiwa kitandani: asomewe misa siku ya kuanua matanga. Kigango chetu humwona padri mara chache, na mama aliitaja misa hiyo kama mtu anavyotaja nguo yake ya sikukuu. Sasa akichinja mjomba, mama hana misa. Akichinja Mkristo, mjomba hali nyama kwenye matanga ya dada yake wa pekee.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na yaliyobaki nimejisomea. Nina tabia ya kutolikubali neno kabla sijaliona limeandikwa. Nilirudi nyumbani, nikaifungua Biblia, nikapata nilichokuwa nakitafuta bila shida. Mtume anawaandikia Wakristo wa mji wa bandari, waliokuwa wakiishi na watu wa dini nyingine kama sisi, na anawaambia wanaweza kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Kabla yake Bwana mwenyewe alikwisha kusema kwamba kiingiacho kinywani si kinachomtia mtu unajisi. Nilizipanga hoja zangu moja baada ya nyingine kama vipande vya shati kabla ya kushonwa, nikapanda bodaboda kwenda parokiani.

Padri wetu ni kijana kuliko mimi, mtaratibu, si mtu wa kupaza sauti. Tulisalimiana, "Tumsifu Yesu Kristo," "Milele, amina," akanipa kiti barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umesoma vizuri. Hayo Maandiko nani alikukabidhi?"

"Kanisa, Baba."

"Basi usilichukue tunda ukaukata mti."

"Mti ukizaa tunda, Baba, nao unapimwa kwa tunda lake."

Alicheka kidogo. Nilidhani nimeshinda. Akachukua Biblia yangu kutoka mkononi mwangu, akageuza kurasa chache nyuma ya pale nilipokuwa nimeweka kidole.

"Mtume huyohuyo, barua hiyohiyo. Anasema ana uhuru wa kula, lakini nyama ikimkwaza ndugu yake hataila. Kwenye jumuiya yako mna ndugu aliyebatizwa juzijuzi, ametoka kwenye Uislamu. Umemuuliza yeye?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Tangazo lile hukulipenda, najua," aliongeza akinirudishia kitabu. "Si kila kitu ndani yake nilikiandika mimi. Lakini nenda kamuulize."

Nilimkuta mtu huyo akipalilia muhogo. Ni mwembamba, haongei sana. Alipobatizwa, kaka zake walimwambia asije tena kwao hata kwa msiba, na hawajaondoa neno hilo. Nilimweleza kilichonileta. Aliegemea mpini wa jembe.

"Mama yako alinipokea vizuri," alisema. "Nitakuja. Lakini kaka, nyama ya mjomba wako usinipe. Nikiila, ndugu zangu watasema amerudi. Na mimi mwenyewe sitajua kama sijarudi."

"Ni nyama tu."

"Kwako ni nyama tu. Wewe hukuacha kitu."

Nilishuka kutoka shambani kwake nikiwa sina nilichokuja nacho. Ningemwasi padri kwa moyo mweupe kama Maandiko yangekuwa upande wangu peke yangu. Agizo la mkubwa unaweza kulipinga kwa kitabu. Kitabu kikikupinga chenyewe, ukurasa kwa ukurasa, unakipinga kwa nini? Na bado niliamini kwamba agizo lile lilikuwa baya, kwamba lingetutenganisha sahani sisi watu ambao hatujawahi kutengana. Naamini hivyo hadi leo.

Mwishowe nilikata shauri tusichinje kabisa. Samaki hachinjwi na mtu, hana dua ya yeyote juu yake. Kila mtu angeweza kumla. Nilijiona nimefuata barua ya mtume sawasawa. Nikaagiza kolekole Somanga, waje kwenye barafu, kisha nikaenda kumweleza mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Beberu umemwona pale? Nimemfunga tangu juzi."

Alikuwa mkubwa, mwenye ndevu, amefungwa kwenye nguzo ya banda, analishwa majani mabichi. Nilimweleza habari ya tangazo na ya Maandiko kwa mpangilio.

"Kitabu chako kinasemaje juu ya nyama yangu?"

"Kinasema inalika."

"Na wakubwa wa kanisa lako?"

"Wanasema usichinje wewe."

"Sasa wewe unamfuata nani?"

Nikamwambia habari ya yule ndugu, na samaki. Alimtazama beberu.

"Kwa hiyo huyu nimfanyeje, nimfundishe kuogelea?" Hakucheka. "Dada yangu alikuwa na kaka mmoja. Watu wataona samaki, watauliza kaka yake alikufa lini."

Siku ya kuanua matanga padri alifika, akasoma misa chini ya turubai. Aliimba vizuri. Jina la mama lilitajwa mahali panapostahili, na nilishukuru, sitaki kusema uongo. Baada ya misa ukaja wali wa nazi na samaki, na watani wetu wakapata walichokuwa wakikingoja. Mwanamke mmoja mtani alijifunga kitambaa kiunoni, akazunguka katikati ya watu na kichwa cha kolekole kwenye kijiko.

"Jamani, huyu marehemu alikuwa paka? Mbona tunaanuliwa kwa samaki!"

"Mwache, mbuzi wao wako kwenye mfungo!" akadakia mwingine.

"Hapana, shemeji, mbuzi wao bado wanasoma katekisimu!"

Watu walicheka, na padri pia alicheka. Yule ndugu aliyebatizwa alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, akila bila wasiwasi, na nilipomwona nilijiambia angalau mmoja ametulia. Mjomba alikaa kwenye sinia moja na wazee wenzake. Alikula. Nilikuwa namtazama kila mara, na kila mara mkono wake ulikuwa ukienda kwenye wali na kurudi. Alipomaliza nilimletea mimi mwenyewe maji ya kunawa, nikammiminia.

"Samaki mtamu," alisema, akikung'uta vidole. "Nimekula kama mgeni."

Ijumaa iliyofuata alimchinja beberu kwake, akawaita watu wamwombee dada yake dua. Habari hiyo niliipata kwa jirani.

Mwaka huu amemwoza mjukuu wake. Nilialikwa, na mke wangu, kwa heshima zote. Tulikaribishwa barazani kwenye mkeka mpya. Pilau ilipita na nyama yake, harufu ikajaa uani, na masinia yakawekwa mbele ya watu wote isipokuwa sisi. Nikadhani tumesahauliwa. Kisha mjomba alikuja mwenyewe, taratibu kwa sababu ya goti lake, amebeba sahani mbili zilizofunikwa kawa. Aliziweka mbele yetu, akafunua. Wali mweupe na changu wa kukaanga.

"Nimewawekea chenu," alisema, "msije mkapata taabu na wakubwa wenu."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Alikuwa ametaabika kututafutia samaki, huku juu, siku ya harusi. Nilitaka kumwambia kwamba naila nyama yake, kwamba sijawahi kuacha kuila moyoni. Lakini sahani ilikuwa mbele yangu, na watu walikuwa wanatazama. Nikanawa, nikala.