Siku Niliyoivalisha Kamio Maua ya Arusi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu naona haya. Ilikuwa siku ya arusi ya mudogo wangu Uwimana, hapa Goma, kule Keshero. Wewe unayeshika volani ya gari leo hukuwa umezaliwa, hata mama yako hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwa musichana mwenye mudomo mukubwa na haraka nyingi. Shule niliiacha mapema. Kuamuru watu, hiyo hakuna aliyenifundisha.

Chakula cha arusi kilikuwa mukononi mwangu. Nilikifuata mbali, kwenye muji wa Kiwanja: viazi, maharagi, kabichi tunazoita mashu, vitunguu, ndizi. Na nilikuwa nimejisifu mbele ya wakwe kwamba watu wakitoka kanisani watakuta sufuria zinachemka. Basi mvua ikatushika njiani, kamio, lile gari kubwa la muzigo, ikakwama matopeni, tukaingia mujini jua likiwa limepanda. Kanisani walikuwa wameshaanza kuimba. Kama chakula kisingewekwa motoni upesi, aibu ingekuwa ya jamaa yetu yote, na Uwimana ndiye angesemwa nyumbani kwa mume wake miaka na miaka.

Pale avenyu, njia ya mutaa wa wakwe, inapoanzia palikuwa na kibao: picha ya kamio, na musitari mwekundu juu yake. Picha haitaki shule. Shofere wetu, Papa Safari, mutu mupole mwenye tumbo kubwa, akasimamisha gari.

"Vumilia, binti yangu, hapa kamio haipite. Tushushe muzigo, wenye chukudu wapeleke."

Wenye chukudu walikuwa palepale, wameegemea vile vigari vyao vya mbao vya magurudumu mawili, wanatuangalia. Wangeenda mara mbili, mara tatu, kazi ingekwisha. Lakini mimi niliona ni kupoteza wakati. Nikakumbuka kwamba hapa Goma musururu wa arusi ukipita na honi, kila mutu anaupisha. Hata polisi wa barabarani anainua mukono na kucheka. Nilikuwa na maua na utepe mweupe wa kupamba meza ya maarusi. Nikashuka, nikavifunga mbele ya kamio, nikaipamba mpaka ikapendeza.

"Sasa hii si kamio tena," nikamwambia. "Ni arusi. Piga honi."

Papa Safari akatikisa kichwa, akacheka, akapiga honi. Alikosa, ndiyo. Lakini mimi niliyemusukuma nilikosa zaidi, na sitaki useme bibi yako alijitetea.

Tukaingia kama wafalme. Wamama wakatoka majumbani na vigelegele, wakacheza mbele ya gari. Mumoja akauliza kwa sauti, "Bibi arusi iko wapi sasa?" Papa Safari akajibu, "Iko chini ya viazi, mama! Anaona haya!" Nilicheka mpaka machozi.

Nyumba ya wakwe ilikuwa imebaki hatua chache tuliposikia kitu kimepasuka chini yetu, na gurudumu la nyuma likazama. Maji yakaruka juu kupita bati za nyumba. Watoto wakapiga kelele za furaha, wakaanza kuoga na nguo zao. Mimi nilibaki natabasamu kama mujinga, nikidhani ni mambo ya kuchekesha.

Unaijua ardhi ya muji wetu, mwanangu. Ni jiwe la volkano, halichimbiki. Tiyo inayopitisha maji hailali chini sana, inafunikwa na changarawe kidogo tu. Mutu anapita juu, chukudu inapita juu, gari dogo linapita. Kamio yenye muzigo inaivunja. Ndiyo maana ya ile picha. Hakuna aliyeiweka pale kwa kuchukia makamio.

Akaja mama mumoja mwembamba, bidoni tupu ya kutekea maji mukononi. Ni Mama Kasoki, aliyekuwa anachunga robine, bomba ambapo avenyu nzima ilitekea maji. Hakupiga kelele. Aliangalia tiyo, akaangalia maua, akaniangalia mimi.

"Nani ameyafunga haya?"

"Ni mimi, mama."

"Na bibi arusi?"

"Iko kanisani."

"Basi bibi arusi wa hii kamio ni wewe. Shuka. Umetuharibia robine yetu, sasa utatutekea maji."

Akaenda kufunga maji kule juu ya njia, yanakotokea. Hapo ndipo akili ilinirudia. Sufuria za wakwe zilikuwa zinangojea maji ya robine ileile. Nilikuwa nimeleta viazi vya kulisha watu wote wale, na hakuna tone la kuvichemshia!

"Mama, nihurumie. Nitaleta ya kupikia kwanza, watu wanatoka kanisani."

"Hapana. Kwanza ule mama wa nyumba ya kona, amejifungua jana. Halafu muzee mugonjwa wa pale. Halafu sisi wengine. Arusi mwisho. Watu wa arusi wana nguvu, wanacheza."

Nikavua viatu vyangu vipya, nikakaza kikwembe kiunoni, nikashuka ziwani, kule chini ya muji, na bidoni. Papa Safari akanifuata, bidoni kichwani, maji yanamumwagikia tumboni. Wamama wakamushambulia: "Papa, rudi! Kwa hii njia kichwa cha shofere hakiruhusiwe!" Naye akajibu, "Basi munifungie maua, nipite!"

Tulikuwa tumefikia nyumba ya muzee mugonjwa tu wakati maarusi walipofika. Uwimana katika nguo yake nyeupe, watu wa kwaya nyuma yake, baba mukwe na koti lake la kiheshima. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya chakula. Kamio katikati ya njia, imelala upande na maua yake. Uwimana akaniuliza, "Dada, kuko nini?"

Ningeweza kusema ni njia mbaya, ni mvua, ni shofere. Nikasema mbele ya wote: "Niliona kibao, nikakipita. Nimevunja maji ya avenyu, na chakula chako hakijapikwa."

Halafu Uwimana akaangalia ile kamio iliyopambwa kumupita yeye, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Baba mukwe, mutu asiyechekaka ovyo, akavua koti, akampa muke wake. "Bidoni ziko wapi?" akauliza.

Ee, mwanangu, ungeona! Kwaya ilijipanga kutoka ziwani mpaka avenyu, bidoni inapita mukono kwa mukono, nyimbo haziishi. Uwimana akafunga kikwembe juu ya nguo nyeupe, akamenya viazi nasi. Nyumba zote zilipata maji, halafu moto ukawaka. Tulikula jua likielekea kushuka, na avenyu nzima ilikula kwa sababu avenyu nzima ilibeba. Mama Kasoki aliongezewa mashu mara mbili. Akaniambia, "Chakula ni kizuri. Tiyo bado imevunjika."

Na kweli. Ilitengenezwa siku ya tatu. Siku zote hizo nilishuka ziwani asubuhi na jioni, shingo inaniuma, nikisalimia kila mulango.

Basi sikia. Ukiona kibao kinakukataza, simama, hata kama huoni sababu. Aliyekiweka anajua kilicho chini ya gurudumu lako, na anayeishi pale ndiye atakayelipa haraka yako. Abiria akikuambia "pita tu," hata akiwa ni mimi bibi yako, mukatalie. Shusha muzigo, tafuta chukudu, chelewa. Na ukiwa umekosa, sema umekosa siku ileile, kwa mudomo wako, halafu shika bidoni. Leo avenyu zetu zimejaa watu kuliko wakati wetu, robine moja inangojewa na vinywa vingi. Usivichezee.

Mungu akupe mukono mutulivu kwenye volani na breki zinazosikia. Upite kwa watu nao wafurahi kukuona unarudi. Na siku ya arusi yako, mwanangu, maji yasikose.