Masikio Yaliyolipa Kodi

Kinyozi wetu hawezi kukunyoa kimya. Ukishakaa kwenye kiti chake akakufunga kitambaa shingoni, umekwisha: utasikiliza mpira, siasa na habari za mama yake mzazi, utake usitake. Za mama ndizo zilikuwa tamu. Mama alikuwa ameanza kuwa mzito wa kusikia, na badala ya kuuliza "umesemaje?" kama watu wengine, yeye alijibu kile alichodhani amekisikia, tena kwa uso mkavu kabisa.

Kinyozi alianza kuyaandika hayo kwenye blogu kwa ajili ya dada yake mkubwa, anayeishi mbali, ambaye alikuwa akilalamika kwamba habari za nyumbani hazimfikii. Blogu aliiita Chungulia Kwetu. Aliandika akiwa hana mteja, amejilaza kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, anacheka peke yake kama mwehu. Wasomaji walikuwa dada, shemeji, na sisi wawili watatu wa mtaani tunaopenda umbea wa bure.

Ndoo ndiyo iliyoharibu mambo. Siku moja alimwambia mama kwamba binti wa jirani amepata ndoa.

"Ndoo?" mama akauliza. "Ya bati au ya plastiki?"

"Ndoa, mama! Ndoa!"

"Basi ya bati. Ya plastiki hupasuka mapema, halafu mtu anabaki kulia."

Kisa hicho kilizunguka kwenye simu za watu mpaka kikamrudia Kinyozi mwenyewe, kimetumwa na mtu asiyemjua. Haukupita muda akapigiwa simu na bwana wa matangazo wa kampuni moja ya vyombo vya plastiki. Bwana yule wala hakuudhika kwamba mama ameziponda ndoo zao. Alitaka kisa kila Jumatatu na kila Alhamisi, na ndani yake kuwe na beseni, jagi au kikapu cha nguo. "Kiasili tu, kaka. Isionekane kama tangazo." Kinyozi akakubali, na simlaumu kwa hilo. Mashine yake ya kunyolea ilikuwa inang'oa nywele badala ya kuzikata, na mwenye kibanda alikuwa ameacha hata kumsalimia. Mara tukaona vioo vipya, mashine mpya, kodi inalipwa kabla haijadaiwa. Tukaanza kumwita Mheshimiwa.

Tatizo ni kwamba mama hakujua kuwa ana Jumatatu na Alhamisi. Kuna siku alisikia kila kitu sawasawa, na kuna siku alikaa kimya tu, na Kinyozi akawa hana hata mstari mmoja wa kuandika. Ndipo akaanza ujanja. Alifungua redio, akaelekea ukutani, akasema chini chini, "Mama, jagi limevuja." Mama alikaza shingo, akautazama mgongo wa mwanawe, akajibu, "Jaji kafuja? Kafuja mali ya nani?" Kinyozi mbio kwenye simu. Wasomaji walikufa kwa kicheko, na sisi tukiwemo.

Sasa, nyumba ya pili kutoka kwao anakaa muuguzi wa zahanati, mwanamke mmoja asiyependa maneno mengi. Alipopita kuwasalimu, alimmulika mama masikioni kwa tochi yake ndogo, kisha akamvuta Kinyozi mlangoni.

"Mbona ni nta tu, imejaa na kuziba. Mtie matone haya siku chache ilainike, halafu mlete tumwoshe. Atasikia vizuri tu."

Akamwachia kichupa. Kinyozi alishukuru mpaka akapitiliza. Kichupa akaondoka nacho hadi kibandani, akakiweka nyuma ya makopo ya poda, eti asije akakisahau. Kisha akampigia bwana wa matangazo, akamwambia kwa utani kwamba mama huenda akapona.

"Akipona tutauza nini, kaka?" bwana akacheka. "Ngoja kwanza tumalize msimu huu."

Kinyozi naye akacheka. Anasema kicheko kile kinamchoma kuliko yote aliyowahi kuandika, kwa sababu kilitoka chenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Msimu haukuisha. Mama aliacha kwenda kwenye kikundi chao cha kushona, maana wenzake wakimsemesha walikuwa wanakodoa macho, wanasubiri achekeshe. Akawa anashinda sebuleni karibu na mlango, anamtazama midomoni kila anayeingia. Kinyozi aliona. Usije ukafikiri hakuona. Aliona, akaona aibu, na Alhamisi akaliandika hilo hilo, akalitilia na kikapu cha nguo.

Dada mkubwa alipokuja kutembea, kitu cha kwanza alichofanya ni kumkumbatia mama na kumpigia kelele sikioni. Cha pili, akakutana na muuguzi njiani.

"Mama mbona hamkumleta?" muuguzi akamuuliza. "Yale matone nilimpa mdogo wako zamani."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, dada alipoingia kibandani. Hakunisalimia. Alipekua rafu zote, akasogeza makopo ya poda moja moja mpaka akakipata kichupa, bado hakijafunguliwa.

"Ulijua?"

"Dada, nilikuwa nangoja..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Alikitia kichupa kwenye mkoba. "Mimi nilikuwa nacheka huko niliko," akasema. "Nikadhani kwetu kuna furaha." Mlangoni akageuka. "Mama simwambii. Utamwambia mwenyewe." Nilirudi nyumbani na nusu kichwa, maana Kinyozi alikuwa anautazama mlango, si kichwa changu, na mimi masikio yangu nayataka.

Mama akatiwa matone, akapelekwa, akaoshwa masikio. Siku ya kwanza alilalamika kwamba sahani zina kelele. Dada akasafiri akiwa ametulia moyo, lakini mdogo wake hakumuaga kwa neno, alimtazama tu. Kinyozi akawa anatafuta saa nzuri ya kusema, na saa nzuri ikawa haiji. Bwana wa matangazo naye alikuwa anapiga simu: Jumatatu imepita, kaka, vipi?

Asubuhi moja walikuwa jikoni. Kinyozi alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, maji yamechemka."

Mama akafuta mikono kwa kanga. "Yamecheka?" akasema. "Maji yamecheka nini?"

Kinyozi akageuka. Mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaitazama simu iliyokuwa mezani, kisha akaisogeza taratibu kwa kidole, karibu na mkono wa mwanawe.

"Andika basi," akasema. "Au hiyo si nzuri? Juzi nilirudi kwa wenzangu wa kushona, wakaniambia. Kumbe masikio yangu ndiyo yanalipa kodi ya kibanda, na mimi nimekwenda kuyaosha bila kukuuliza. Nitajitahidi, mwanangu. Wewe niambie tu ni siku gani."

Kinyozi alikaa chini, sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu zake. Akamwambia yote: kwamba alijua ni nta, kwamba kichupa alikificha, kwamba redio alikuwa anaifungua makusudi na kumpa mgongo ili asisikie.

Mama alizima jiko kwanza.

"Ulikuwa unasema chini makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe," akasema mama. "Mimi nilidhani umenichoka. Nikawa najibu lolote linalokuja mdomoni, usije ukaacha kabisa kunisemesha."