Jezi Nyeupe Kwenye Mteremko

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Niliingia Birmingham na begi moja na diploma ya upimaji ardhi ambayo hakuna aliyetaka hata kuitazama. Nikaosha vyombo, nikafagia ofisi za watu alfajiri, nikaendesha gari la mizigo la mtu mwingine, mpaka magari ya mizigo yakawa yangu na madereva wakawa wananiita bosi. Leo nimerudi Morogoro, nimejenga, na kiwanja nilikipima mwenyewe, sikumlipa mtu. Yote hayo niliyafanya bila mikono kutetemeka. Kilichonitetemesha ni mpira mweupe unaoenea kiganjani.

Binti yangu anacheza besiboli. Huku nyumbani nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa hiyo huwaeleza: mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anavurumisha mpira kwa nguvu zake zote kuelekea kwa mpigaji aliyeshika rungu. Mpigaji akiukosa mara tatu anatoka. Akiupiga vizuri, anakimbia kituo hadi kituo. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Mwanzoni mwa msimu ninaousimulia, mpira mmoja ulimpata binti yangu chini ya jicho la kushoto, mfupa ukapasuka. Daktari alisema amepona vizuri sana, ila akipigwa tena palepale, jicho hawezi kutuahidi.

Nilimkataza kurudi uwanjani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtu mzima, na katazo langu lilimpita kama upepo. Nikasema basi nitamnunulia helmeti yenye wavu wa kukinga uso. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha Hodge Hill, mtaa aliokulia, kwamba wavu ule unamsumbua asione vizuri, na kuona mpira ndio mchezo wenyewe. Mama yake akaniambia nimwache. Nikamwacha, lakini tangu siku ile sikulala vizuri usiku wa kuamkia mechi.

Sisi mashabiki wa timu yake tulikuwa wachache, karibu wote wasema Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake. Kiongozi wetu wa kelele alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, anayeishi Kingstanding, mke wa mchungaji, ambaye wanawe wawili walikuwa kwenye timu. Mwingine alikuwa Msomali wa Kenya, mwenye duka la nguo Sparkhill. Huyo hakuwa na mtoto wala ndugu uwanjani. Alikuja mara moja kunisindikiza, akanasa.

Msimu ulikuwa mbovu. Tulifungwa na kila aliyetaka kutufunga. Mechi ya mwisho ikawa ndiyo hiyo: tukishinda tunabaki daraja letu, tukishindwa tunashuka. Mashabiki tukaamua angalau tushuke tumependeza. Tukaitisha kikao cha sare, kama cha harusi, na kikachukua muda kama cha harusi. Mama mchungaji alitaka rangi ya machungwa. Mwenye duka alitaka nyeusi, maana nyeusi haionyeshi uchafu. Mimi nikasimama nikasema wachezaji wetu huvaa nyeupe, kwa hiyo na sisi tuvae nyeupe, tuonekane toka mbali. Niliongea kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa chuoni, nikashinda. Mwenye duka akashona jezi, nyeupe pee, zinang'aa kama meno ya tangazo.

Mahali pa kukaa pia nilipachagua mimi. Upande mmoja wa bustani ya umma wanakochezea kuna mteremko wa majani, mbali kabisa, nyuma ya mrushaji. Mpira ni nadra kufika pale. Sikuwaambia wenzangu kwamba hiyo ndiyo sababu. Niliwaambia pana upepo mzuri. Na kwa mbali ningeweza kumtazama binti yangu ana kwa ana akiwa amesimama na rungu lake, kama vile kumtazama kungemkinga.

"Papa Diplome," akaniita mama mchungaji tukiwa tumejipanga pale weupe sote, ubavu kwa ubavu, "leo tunaonekana mpaka mbinguni, voilà!"

"Tukishuka daraja tutaonekana zaidi," nikamjibu.

"Hatushuki, mzee," mwenye duka akasema. "Si unaona vile hao jamaa hawapigi kitu? Wanapunga tu hewa. Wallahi hizi jezi zina baraka. Nimezisomea."

Ilikuwa kweli. Wapinzani wetu, waliokuwa wakimpiga kila mrushaji msimu mzima, siku ile walikosa na kukosa. Lakini na wetu walikosa. Mtoto mkubwa wa mama mchungaji alitoka bila kugusa mpira, na mdogo wake vilevile.

"Batoto bangu banaogopa nini leo?" mama akalalamika. "Asubuhi bamekula muzuri."

"Mrushaji wao ni mkali," nikasema.

"Wetu ni mkali kumzidi," akasema mwenye duka. "Mwakani tukimpata mwingine kama huyu, tunapanda juu kabisa. Andika."

Wakaendelea hivyo, nani auzwe, nani abaki, na kama tuongeze kofia kwenye sare. Mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Binti yangu alikuwa anatoka kwenye benchi. Helmeti ilimfunika kichwa na masikio. Uso ulikuwa wazi, na hata kwa umbali ule niliona kovu, au nilijiambia naliona.

Mpira wa kwanza ulipita karibu na kifua chake. Hakusogea hata kidogo. Mwenye duka akapiga makofi: "Dada ana roho ngumu!" Lakini mimi namjua mtoto wangu. Haikuwa roho ngumu. Alikuwa hajauona.

Mpira wa pili akapunga rungu wakati umeshatua kwenye glavu ya mdakaji aliye nyuma yake. Akarudi nyuma, akafuta macho kwa mkono wa jezi. Kisha akatazama mbele, moja kwa moja kwetu sisi, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Nikayafuata macho yake. Nikawa naona mkono wa mrushaji ukiinuka, na juu ya mkono ule, kwenye mstari uleule, uso wa binti yangu. Kazi niliyosomea ni hiyo: ukisimama hapa ukaona alama ile juu ya fimbo ile, basi aliye kule anakuona wewe juu ya fimbo hiyohiyo. Yeye alikuwa anautazama mkono ule, na nyuma ya mkono, badala ya majani, kulikuwa na sisi. Mpira mweupe ulikuwa unatoka kwenye jezi zetu nyeupe. Usingeonekana mpaka uwe umemkaribia.

"Vueni jezi!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Vueni! Vaeni makoti! Ondokeni hapa!"

"Papa, hii baridi yote?"

"Mzee, usiguse jezi, ndizo zinatushikilia!" mwenye duka akashika yangu. Nikamponyoka, nikaivua, nikabaki na fulana ya ndani ya bluu. Nikamsukuma mama mchungaji begani, mke wa mtu, Mungu anisamehe. "Mpira hauonekani! Sisi ndio tunamziba! Atapigwa jicho!"

Mama akaelewa neno la mwisho. Akavuta koti lake jeusi akajifunika mpaka kidevuni, akawageukia wengine: "Lala chini! Bote, lala!" Wakalala kwenye majani, makoti juu yao, kama watu wanaopigwa mabomu. Mwenye duka akalala wa mwisho, akilaani.

Mrushaji alikuwa ameshainua mguu.

Ule wa tatu ulitoroka mkononi mwake. Niliona ukienda juu, juu zaidi, moja kwa moja usoni. Binti yangu akaanguka. Sikumbuki nilipiga ukelele gani. Nakumbuka majani yaliyolowa yakiingia kwenye viatu vyangu, maana nilikuwa nimeanza kukimbia.

Kisha akainuka, akajipangusa matope magotini, akaokota rungu lake. Alikuwa ameuona, akajitupa chini mwenyewe. Uliofuata akaupiga safi, akafika kituo cha kwanza. Hakufika mbali zaidi ya hapo.

Bila shaka wapinzani nao wakaanza kuona. Zamu yao ilipofika walipiga kila kitu alichorusha mkali wetu. Tulishuka daraja.

"Papa Diplome," mama mchungaji akasema akikunja kiti chake, "leo umetushusha, na bado unacheka."

Ndani ya gari nilimweleza binti yangu habari ya mstari wa kuona, na diploma yangu, na wangapi darasani kwetu walishindwa somo lile ambalo mimi nilipata alama za juu. Nilieleza mpaka Stratford Road, tulipompeleka mwenye duka kwake. Nilijua nikinyamaza nitalia. Binti yangu akaniambia niegeshe pembeni, yeye ataendesha.

Bado anacheza. Mimi niko Morogoro, na kila mechi inapokaribia kuanza huwa simpigii yeye. Nampigia mwenye duka.

"Mmekaa wapi?"

"Pembeni, mzee. Pembeni kabisa."

"Mmevaa nini?"

"Makoti. Meusi. Wallahi, sisi wote. Salimia nyumbani."

"Usikate," namwambia. "Nishikie mpaka apige."