Vile Tulikimbilia Mutshatsha Kinyumenyume

Ba mama, ba tata, sogeeni karibu! Na wewe mwenye kukohoa kule nyuma, kohoa yote umalize, juu hii habari haina pa kupumuzikia. Mukicheka, mucheke. Miye nilianza kucheka nyuma ya mwaka.

Ilikuwa ile myaka ya kufukuza bantu. Kazi ya mugodi ilikuwa imekufa, na mu Kolwezi yote bakaanza kusema Bakasai, bantu ba asili ya Kasai, barudi kwabo. Kwabo wapi? Mama mukwe wangu alizaliwa hapa. Baba yake alichimba hapa mpaka mapafu ikageuka shaba. Ungemugonga kifua, ingelia kama kengele ya kanisa. Bakamutoa mama mu nyumba na sufuria moja. Akaenda kulala chini ku gare, stesheni ya treni, na bengine, mu mvua, kungojea treni. Treni haikuja. Juma ya tatu tumbo ikamushika. Bibi yangu, binti yake, akarudi kutoka kule, akaniambia:

"Mama hasemi tena. Hata maji anakatala. Nitamuzika ku gare."

Mi nilikuwa na jipi. Mama yangu alikuwa na mashamba mbele ya Mutshatsha, kule hakuna mutu wa kukuuliza kabila. Lakini ile njia, wakati wa mvua, matope yake ingemeza treni na reli yake! Jipi yangu ilivuta na magurudumu yote ine, ni kweli. Lakini ile diferansieli, meno yenye kukaa mu ponti, ile chuma ya kuunga magurudumu mbili, ni kama bakubwa betu: gurudumu moja ikianza kuteleza, inaipatia nguvu yote, na ile yenye kukanyaga udongo muzuri inanyimwa. Kuko ya namna ingine, yenye sahani za kubanana ndani. Ile inalazimisha zote mbili kuvuta pamoja. Jipi moja ya mugodi ilikuwa imekufia mu karyeri, mu shimo ya kuchimbia, na ile kitu mu tumbo. Mulinzi akaniambia: "Chukua, mekanisiye. Siku hizi hata maiti haina mwenyewe."

Nilifanya siku mbili bila kulala. Firimbi ya ba jeunes, bale vijana benye kufukuza bantu, ilikuwa inakaribia, avenue kwa avenue, banatafuta nyumba zenye kuwa na Mukasai. Nilikimbiza kazi mpaka nati zilijifunga zenyewe. Na mi, myaka makumi mbili mu garaji, nikafunga ile kitu kinyume mu ponti ya nyuma! Ile jino kubwa ya muviringo nikaiweka kushoto, kumbe inakaaka kuume.

Nikawasha. Mbele inavuta mbele, nyuma inavuta nyuma. Jipi ikasimama, inatetemeka kama mbuzi yenye bantu babili banagombania. Nikakata kardani ya mbele, ile fimbo yenye kuzungusha magurudumu ya mbele. Nikatia vitesi ya kwanza, gia ya kuondokea: jipi ikarudi nyuma, ikaangusha ukuta wa jikoni. Munasema: si utie vitesi ya kurudi, itaenda mbele? Ah, ba tata! Ile vitesi ilikuwa imevunjika meno tangu zamani. Jipi yenye haikujua kurudi nyuma, sasa haikujua kitu ingine.

"Kufungua tena ni siku mbili," nikasema.

"Mama hana siku mbili," bibi yangu akajibu.

Basi, tukamuchukua ku gare, kinyumenyume.

Sasa sikieni taabu yenyewe. Kwa Bakasai, mukwe na mama mukwe habaangaliani ku sura. Ni mwiko, mwiko ya nguvu. Myaka tisa mi nilimujua visigino tu. Akiingia ku mulango, mi natokea ku dirisha. Siku moja nilijificha mu pipa ya mafuta chafu, mpaka leo pua yangu haisikii harufu. Ile asubuhi ya kuondoka tulikuwa tumefunga kitenge katikati ya jipi, ye nyuma, mi mbele. Lakini shofere mwenye kuenda kinyumenyume anaangalia wapi? Bibi yangu akakatakata kile kitenge na meno. Mama, juu ya godoro, akafunika sura na kitambaa. Nguvu ya kugeuka hakuwa nayo.

Ku baryeri, kamba ya kufunga njia, ba jeunes na mapanga. Moja akasema:

"We tata, unaingia ao unatoka?"

"Hata mi sijui, mutoto wangu!"

Bakacheka mpaka mwenye kushika kamba akaiachilia. Mi nilijikojolea. Ile si kuongeza chumvi.

Mbele kidogo, kilima. Makamyo tano zimezama mu matope, bantu juu ya mizigo, macho kavu. Nikaingia. Gurudumu ya kushoto ikaanguka mu maji, ikaanza kuteleza. Mi nikajua: tumekwisha. Alafu ponti ikalia kama mwanamuke mwenye kuzaa, na ya kuume ikashika. Zikavuta pamoja, polepole, polepole. Macho yangu ku kioo cha nyuma, na chini ya kioo, mama. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Macho yake ilikuwa imefungwa.

"Mushike mukono! Mwili iko na moto bado?"

Bibi yangu alilia tu.

Juu, udongo mukavu. Nikazima. Bibi yangu akamutia kijiko ya maji mu mudomo, ikatoka. Akatia ingine, ikatoka. Ingine. Koo ikatembea. Mama akafungua macho, akaniangalia sawasawa, kutoka nywele mpaka kidevu, wakati murefu sana. Myaka tisa hakunipatia hata neno moja.

"Eh! Kumbe njo sababu ya hii sura binti yangu alikatala kuolewa na ule karani wa posta?"