Ndama saba mazoezini

Jamani, leo mazoezi ya besiboli yamehudhuriwa na ndama saba!

Mimi ndiye kocha wa shule, na sheria niliandika mwenyewe: ukikosa mazoezi mara mbili, huchezi mechi.

Mchezaji wangu Guyo alishakosa mara moja. Leo baba yake ni mgonjwa, wa kuchunga hakuna. Basi akaja na ndama wao uwanjani.

"Mwalimu, ulisema tuje. Hukusema tusije na nani."

Hasira zikanipanda. Ndama mmoja tayari anatafuna glavu yangu!

Kabla sijamfukuza, Komora akamwendea. Huyu ni mchezaji mwenzake, mtoto wa mkulima. Msimu uliopita ng'ombe wa kina Guyo walimaliza mahindi ya kina Komora, na tangu hapo hawa wawili hawasalimiani. Nikajua kimeumana.

Komora akanyoosha mkono.

"Lete fimbo. Wewe kapige, mimi nitachunga."

Guyo akasita. Mchungaji hampi mtu fimbo yake hivi hivi.

Akampa.

Kisha Guyo akaupiga mpira ukavuka ua, na aliyeshangilia kuliko sote alikuwa kule kwa ndama, fimbo juu.

Semeni nyinyi: hii niiandike sheria ya ngapi?