Sari Niliyoikata kwa Mkasi Wangu

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona nimeandika ovyo, soma hivyohivyo. Nataka kueleza ile nguo ya mjukuu wangu, kwa sababu watu wa Louisville wanaieleza vibaya.

Tulipofika Columbus, huku Marekani, katika duka la Wahindi pale Morse Road sari zilikuwa kamba moja tu, zimetundikwa nyuma ya magunia ya mchele na dengu. Miaka miwili baadaye, bon, duka lote ni nguo, masanamu yamevalishwa dirishani, na nusu ya wanunuzi ni sisi Wakongomani. Hata dada yangu wa Buffalo alikuwa ananiagiza. Yeye anapenda rangi ya chungwa mpaka macho yanauma, lakini tuache hayo.

Sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini tunafunga mushanana: kipande kimoja kiunoni, kingine kinapita begani. Tangu enzi za mama yangu, kitambaa kilitoka kwa Muhindi kule Uvira. Unanunua sari moja, unaikata, unapata vipande viwili. Hakuna siri.

Mjukuu alipopata mchumba Louisville, aliniambia nguo ya harusi nichague mimi. Nikachukua nyekundu yenye ukingo wa dhahabu. Mwenye duka alikuwa mama Muhindi aliyezaliwa Kampala, ana Kiswahili chake cha dukani. Nilipotoa mkasi kwenye mkoba nipime pa kukata, alipiga kelele.

"Mama! Wewe nataka ua mimi? Sari hapana kata!"

"Nimeshalipa, dada. Ni yangu."

"Haya, kata. Lakini ukikata, hii si sari tena. Usiambie watu ulinunua sari kwangu."

Nikaikata palepale. Akafunika macho. Niliondoka nimekasirika, nimekata sari tangu usichana, hakuna aliyenifokea.

Asubuhi ya harusi, mzee wa kanisa kule Louisville alisimama mlangoni, mkono ameuweka kama kizuizi cha barabarani.

"Bibi harusi haingie na nguo ya Wahindi. Hiyo ni nguo ya waabudu sanamu. Abadilishe, ao hakuna baraka."

Mjukuu akanigeukia mimi. Nguo nyingine hakuwa nayo. Baba yake, mwanangu wa kuzaa, anaangalia viatu vyake. Mwanaume mzima!

Nikasogea mbele. "Mzee, kitenge cha mke wako kimeandikwa Hollandais kwenye pindo. Waholanzi ni shangazi zako? Na hiyo kravati, mtume Petro aliifunga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama, mimi naongea juu ya sari."

"Sari iko wapi? Mwenye duka, Muhindi wa damu, aliniambia ikikatwa si sari tena. Mimi niliikata." Nikafunua upindo, pale mkasi ulipopita, nilipopashona kwa mkono. "Muhindi mwenyewe ameikana. Wewe unamurudishia ya nini?"

Akashusha mkono. Mjukuu akapita, kichwa juu, dhahabu inawaka begani, na nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Donc, sasa wanasema pale mlangoni nilikubali kwamba sari ni kitu kibaya. Uongo. Nilitaka mtoto aolewe, basi.

Mwaka uliofuata, mtoto wa mjukuu wangu alipopelekwa kuombewa katika kanisa lilelile, nilirudi Morse Road kuchagua ya kijani. Mama Muhindi akanishika mkono.

"Mkasi iko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani."

Akanivalisha mwenyewe, akanifundisha mikunjo, mmoja mmoja, kama mtu anafundisha mtoto kusali. Nikaenda nayo Louisville. Mlango uleule, mzee yuleyule.

"Leo ni sari, mzee," nikamwambia. "Nzima."

Nikapita.